Vipande vya Pembeni

Mnaniuliza, ninyi vijana wenye mikasi mipya, kazi hii ya karatasi nilijifunzia wapi na mitindo nilikuwa naitoa wapi. Mnauliza kwa adabu, lakini macho yenu nayaona: mnataka nimalize upesi niwatajie jina la video. Jina silijui. Kaeni kwanza. Niliwahi kumpoteza mtoto wa Bibi Anyesi wa Mdandu, kwa mkasi, mchana kweupe, mezani kwangu. Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia. Mengine yote ni njia ya kulifikia.

Nilistaafu mwaka jana, kama mtu anaweza kustaafu kazi aliyoifanyia kwenye meza ya kulia chakula. Hakukuwa na hafla wala saa ya ukutani. Mke wangu, Mama Neema, aliniuliza, "Kwa hiyo sasa tunaweza kula mezani?" Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ya kuniaga. Kadi ya kuniaga nilijitengenezea mwenyewe, na ua la karatasi ya krepu pembeni, maana kwa mtaa wetu hapa Njombe sikumwona mwingine wa kumwagiza.

Nilikuwa fundi karatasi. Kadi za harusi, kadi za kipaimara, mashada ya maua, na zaidi ya yote albamu: zile za kubandika picha, kuzizungushia maua na riboni, na kuandika maneno mawili matatu chini yake. Majirani walicheka sana. Huku kwetu mwanamume anapasua mbao, analima viazi, na siku hizi anapanda parachichi. Mimi nilikuwa nakata maua. Jirani mmoja alikuwa hapiti dirishani bila kunisalimia kwa utani, "Kamwene, fundi! Leo umevuna kiasi gani?" Nami namjibu, "Madebe mawili ya waridi." Alipomwoza binti yake alikuja mwenyewe, kofia mkononi, kuagiza kadi mia mbili. Nikamwuliza kama anataka waridi au viazi.

Mwalimu wangu alikuwa Sista Benigna, mtawa wa misheni aliyekuwa akijalidi vitabu vya nyimbo. Mkali, lo! Ukiacha alama ya kidole chenye gundi kwenye jalada, anakuonyesha kidole chake kisafi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba karatasi ina nyuzi kama mbao. Ukiikunja kwa kufuata nyuzi inatii, ukizikata inapasuka mgongoni, na albamu yako itaachia kurasa kabla maharusi hawajagombana. Hujui nyuzi zinaelekea wapi? Lowesha upande mmoja wa kipande kidogo. Kitajikunja kama bomba, na urefu wa bomba ndio njia ya nyuzi.

Alikuwa na sheria nyingine: "Kipande hakitoki mezani kabla kazi haijatoka mlangoni." Yaani chochote ulichokata, hata kama ni ukucha wa karatasi, kikae pale mpaka mwenye kazi aje, aione, aondoke nayo. Mimi nilidhani ni ubahili wa kitawa. Ishikeni kichwani sheria hiyo, nitairudia kwa aibu.

Na jambo la tatu, ambalo Sista hakulifundisha kwa sababu alikuwa na chumba chenye jiko la kuni: kukausha. Njombe gundi haikauki. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unaingia mpaka chumbani, na jalada ulilobandika Jumatatu bado linateleza Ijumaa. Nilihangaika hadi nilipomkumbuka dada yangu Veronika, mwalimu mstaafu, aliyejenga Makambako. Makambako kuna upepo wa kutosha kukausha sufuria la uji. Basi nikawa nafanya kazi Njombe, inakaukia Makambako. Majalada niliyatia kwenye gunia la viazi yasikwaruzike, na makondakta walikuwa wakilinyanyua wanashangaa. "Mzee, viazi gani vyepesi hivi?" Nawaambia ni mbegu mpya ya serikali.

Sasa mitindo. Zamani tulikuwa tunaiiba kwenye kadi za Krismasi walizotumiwa mapadre, kalenda za zamani, na mifuniko ya mabati ya biskuti. Ukipata kadi moja kutoka Ulaya unaishi nayo miaka mitatu. Kisha binti yangu Neema akaninunulia simu ya kugusa, na mimi, mzee mzima, nikapatwa na kiherehere.

Kuna mama mmoja wa ng'ambo nilimfuata miaka minne. Uso wake sijauona hata siku moja. Anaonyesha mikono tu, mikono na meza. Najua pete zake, najua kovu la kidole gumba, najua wiki aliyovunja kucha. Tukikutana sokoni nitampita kama gogo, labda anipe mkono. Kila wiki alikuwa na mtindo mpya: mara maua makubwa, mara maua hayatakiwi tena, mara nyuzi, mara vifungo vya shati. Nami kila wiki nafuata, huku Njombe, kana kwamba nisipofuata atanifukuza kazi.

Ila bando, jamani. Bando lilikuwa linaisha kabla ua halijachanua. Nikachunguza nikaona kwamba mwanzo wa kila video ni maneno matupu ya Kiingereza, mikono imekaa tu mezani haifanyi kitu. Nikaamua kuruka. Nusu dakika ya kwanza ya kila video sikuwahi kuitazama, na nilijiona mjanja sana.

Ukitaka kujua kiherehere changu kilinifikisha wapi, sikiliza habari ya majani ya chai. Yule mama alileta mtindo wa kuifanya karatasi mpya ionekane ya kale: unaichovya kwenye chai ya rangi, unaianika, kisha unaunguza kingo kwa mshumaa. Nikasema, Mungu amenikumbuka, chai si ndiyo tunayoilima hapa? Nikachovya kadi zote za harusi ya mtoto wa mama mmoja wa Makambako. Zilitoka kahawia, zina mawimbi, kingo nyeusi. Nilizitazama nikajipongeza.

Mama wa bwana harusi alizitazama akasema, "Fundi, nyumba yako inavuja?"

Nikamwambia vya kale ni dhahabu. Akasema, "Basi dhahabu yako imelowa." Lakini siku zilikuwa zimekwisha, akazigawa hivyohivyo. Wiki hiyo wakafika kwake wazee watatu wa kanisa, wamefunga safari kwa heshima, na debe la mahindi na blanketi, kumpa pole ya kuunguliwa nyumba. Walikuwa wamepokea kadi yenye kingo nyeusi. Wakahesabu wenyewe: moto umepita, maji ya kuzimia yamepita, na familia ya watu imejikaza inaozesha hivyohivyo. Yule mama aliona aibu kuwarudisha, akapokea blanketi. Nasikia bado analo.

Mngedhani baada ya hapo nimejifunza. Wapi!

Mwaka uliofuata, katikati ya baridi, alikuja Bibi Anyesi kutoka Mdandu. Mama mfupi, mkulima, kitenge amekifunga kifuani dhidi ya baridi. Yeye na mumewe walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, jubilei yao ingefanyika kanisani Jumapili ya wiki iliyofuata. Alifungua mfuko wa sukari akatoa picha kumi na moja.

"Ni maisha yetu yote haya, fundi," alisema. "Zitengenezee kitabu kizuri. Mzee wangu macho yanaondoka, nataka azione mapema."

Nikamwambia asiwe na shaka, amefika kwa mtu wa mitindo. Na kweli wiki hiyo yule mama wa mikono alikuwa na mtindo wa duara: unachukua picha, unaweka kisahani cha kikombe juu ya nyuso unazozitaka, unazungusha penseli, unakata. Vinavyobaki nje unatupa. Picha inakuwa safi, haina takataka za pembeni. Nilipenda sana neno hilo nililojitungia mwenyewe, takataka za pembeni.

Picha moja ilikuwa ya zamani kuliko zote. Bibi Anyesi na mumewe, vijana, mbele ya nyumba ya nyasi. Pembeni kulikuwa na katoto ka kike, kamegeuka nusu, uso umefifia kidogo kwa kuwa hakakutulia, mkono mmoja umekamata kuku shingoni. Nikajua tu ni ka jirani, wale ambao mpiga picha akifika kijijini hawakosekani. Sikuuliza mtu. Kisahani, penseli, mkasi. Wale wawili wakatoka duara kama mwezi, nikawabandika kwenye karatasi ya kijani, na pale alipokuwa mtoto nikaweka waridi.

Jumatano Bibi Anyesi alikuja kuitazama kazi. Akaketi, akafunua ukurasa kwa ukurasa. "Vizuri," anasema. "Vizuri." Alipofika kwenye duara hakufunua tena. Akaweka kidole juu ya waridi langu.

"Na Tumaini yuko wapi?"

"Tumaini yupi, mama?"

"Mwanangu wa kwanza. Alikuwa hapa." Kidole hakikuondoka. "Surua ilimchukua kabla ya mavuno. Hana picha nyingine."

Nilihisi masikio yanawaka. Angenitukana ningeshukuru. Hakunitukana. Alifunga albamu polepole akasema, "Fundi, hiyo picha ndiyo iliyonileta kwako. Zile kumi zilikuwa za kuisindikiza."

"Kipande kipo," nikasema. Nilidanganya bila hata kumeza mate. Sikujua kilipo; ile sheria ya Sista nilikuwa nimeiacha zamani.

"Basi nitakuja Jumamosi," alisema. "Jumapili nataka baba yake amwone."

Alipotoka nilipekua meza, nikapekua chini ya meza, nikamwaga kapu la taka uani. Nikachokora majivu ya jiko kwa kijiti. Mama Neema akanikuta nimepiga magoti mbele ya mkaa.

"Unatafuta nini?"

"Vipande vya wiki iliyopita."

"Vipi? Vya kuwashia au vya kuzibia?"

Ndoa ya miaka thelathini na sita, nami sikujua kwamba nyumbani kwangu taka zina idara mbili. Akanieleza kama unavyomweleza mgeni. Karatasi laini anawashia jiko. Karatasi ngumu za picha hawashii, haziwaki vizuri na zinanuka, hizo anazikunja anaziba nyufa za madirisha, maana mwenye nyumba yuko bize na mitindo na hana nafasi ya kununua putii.

Tukaenda dirisha la chumbani, tukaanza kuchomoa kwa kisu. Jamani. Walitoka wengi. Nusu ya mpishi na mwiko wake. Mgongo wa shemeji wa mtu. Mkono umeshika sinia. Watoto, wazee wenye fimbo, shangazi aliyefumba macho. Kila niliyemkata kwenye harusi na vipaimara vya watu, miaka yote ile, alikuwa amesimama dirishani kwangu anatuzibia baridi. Sikuweza kucheka, na mimi hucheka kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

Tumaini alikuwa kwenye ufa wa chini kabisa. Karatasi yenye tundu katikati, imekunjwa mara nne, imelowa ukungu, uso umegandana na uso. Mama Neema akashika ncha atenganishe.

"Weee! Usiguse!"

Andikeni hili hata kama hamwandiki mengine. Picha iliyogandana usiivute, rangi itabaki upande mmoja na karatasi upande mwingine. Usiipige pasi, usiiweke juani. Iweke kwenye beseni la maji safi ya baridi, kaa pembeni, ngoja. Itaachia yenyewe ikitaka. Yetu ilitaka baada ya muda wa kuchemsha maharage. Nilimwona kuku kwanza, kisha mkono, kisha uso. Alikuwa na alama ya mkunjo mguuni na doa la kahawia begani, rangi ileile niliyokuwa nahangaika kuitengeneza kwa chai.

Kukausha sasa. Njombe, mwezi wa saba, siku mbili. Isingewezekana. Alhamisi asubuhi nilimlaza Tumaini katikati ya vitambaa viwili safi, ndani ya hotpoti ya Mama Neema, nikapanda basi la Makambako. Kondakta akauliza kama nina chakula cha kumgawia. Nikasema sina, na nikaipakata mpaka mwisho wa safari.

Na Makambako napo, upepo unaonisaidia siku zote leo ndio adui. Kipande kile kingetoka dirishani kingefika relini kabla yangu. Nikafunga madirisha, nikaacha mlango wa uani ufa mdogo hewa iingie, nikakitandaza juu ya kitambaa, uso juu, nikaweka kijiko kila kona. Kisha nikaketi mbele yake kutwa nzima. Niliogopa, nawaambia wazi. Nilikuwa naogopa hata kupiga chafya.

"Kaka, umekuja kunisalimia au kulinda karatasi?" Veronika akauliza.

"Kulinda."

Akainama akamtazama. "Wa nani huyu?"

Nikamweleza yote. Akaenda kuzima redio. Baadaye, kwa kuwa alifundisha Kiingereza maisha yake yote, nikampa simu atazame ile video ya duara kuanzia mwanzo kabisa, pale nilipokuwa naruka. Akasikiliza, akavua miwani.

"Anasema kabla ya yote utoe nakala. Ukate nakala, picha yenyewe usiiguse kamwe."

"Amesema hivyo?"

"Amesema mara mbili. Ya pili ameinua kidole."

Nyumba ya tatu kutoka kwa Veronika kuna duka la steshenari lenye mashine ya nakala. Nimepita mbele yake kwa miaka na gunia langu. Ijumaa, kipande kilipokauka, niliingia nikatoa nakala tatu, na kijana wa pale akanitazama kama mtu anayenunua mwavuli akiwa ametoka kuloweshwa.

Nyumbani nililibandua duara kutoka kwenye ukurasa, nikalirudisha kwenye tundu lake. Halikukaa sawasawa. Karatasi iliyolowa ikikauka hairudi kipimo chake cha zamani, kwa hiyo ukabaki mstari mwembamba, mshono wa mviringo kuwazunguka wazazi, na Tumaini nje yake na kuku wake. Waridi nililing'oa. Sikuweka ua lolote.

Jumamosi Bibi Anyesi aliufungua ukurasa ule moja kwa moja. Nikaanza kujieleza: kwamba kuna studio wanaweza kuufuta mshono kwa kompyuta, kwamba doa nalo, kwamba nimekosa, nisamehe mama. Akaniwekea mkono hewani ninyamaze.

"Uache. Alitoka, amerudi." Akamtazama tena. "Mpiga picha alimkemea asimame vizuri. Mwenyewe akamjibu kuku hajawa tayari." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, nami nikajifanya natafuta karatasi ya kufungia.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma. Baada ya ibada niliona wamempa mzee albamu, ameisogeza karibu na pua, na Bibi Anyesi ameshika kidole chake anakipitisha juu ya ukurasa. Kidole kiliufuata mshono mzunguko mzima, kikafika pembeni, kikasimama hapo. Wajukuu wakatoa simu wakaupiga picha ukurasa. Mimi nikaondoka kabla ya chakula.

Sasa mnajua simu zenu. Haikupita mwezi, akaja bibi harusi mtarajiwa kutoka Makambako, kucha ndefu, bahasha ya picha mkononi, amefunga safari kwa ajili yangu. "Babu, nimeona kwenye grupu ule mtindo wako mpya. Wa duara lenye mshono, na doa la kizamani. Nataka albamu nzima hivyo."

Miaka minne nilimkimbilia yule mama wa mikono sikumfikia. Siku nilipoharibu kazi ya mtu, nikawa mtindo.

"Sawa, mwanangu," nikamwambia. Nikachukua kisahani, nikachukua penseli, nikamwekea picha zake mezani. "Niambie tu, unataka nimkate nani?"

Alicheka. Aliponiona sicheki akaanza kuzipitia. Huyu mama mdogo, aliyemsomesha. Huyu wa mlangoni na sufuria, mama yake, kila picha yuko mlangoni na sufuria. Hawa watoto wa jirani. Alimtaja jina kila aliyesimama pembeni, hadi picha ya mwisho, kisha akazirudisha zote ndani ya bahasha na kunisogezea.

"Bandika tu zilivyo, Babu."

Nikabandika zilivyo. Mkasi haukutoka kwenye droo, kwa hiyo hakikubaki kipande hata kimoja cha kumpa Mama Neema. Dirisha la chumbani, tangu tuwatoe wale watu, lilikuwa wazi nyufa zote, na mwaka ule tulipigwa na baridi mpaka mwezi wa tisa, nilipokwenda mwenyewe kununua putii.